Ukurasa wa Pili

...na kalamu ameshaishika, kifuniko amekitoa mwenyewe akakiweka kando ya kikombe cha chai, kilichobaki ni kushusha mkono tu, aandike jina lake na ule mkia mrefu anaoupenda, yaishe, lakini simu imelia, na Gokulan ni mtu ambaye hata nyumba yake ikiungua atapokea simu kwanza, basi amepokea, amejilaza kwenye kiti, anacheka, kalamu iko hewani, na Poongodi amekaa ukingoni mwa kiti cha wageni na bahasha mapajani, hakohoi, hajikuni, macho yako kwenye ncha ya ile kalamu tu, maana sasa hivi ni saa tisa na robo na mtu wa vifurushi hupita saa kumi kamili, haongezi hata dakika, na kesho Chuo cha Biashara hakipokei tena maombi ya mtu mpaka mwakani, na mwakani yeye atakuwa na miaka thelathini na mitano, na mama ameshasema uvumilivu wake unaishia mwaka huu... shusha mkono, baba, shusha tu, hiyo ni kalamu, si gunia... na barua yenyewe haina haja ya kusomwa, ameipanga kama karatasi zote zinavyopangwa humu ndani, kurasa tatu, wa tatu uko juu, wa pili katikati, wa kwanza chini kabisa, na kijikaratasi cha njano kimebandikwa penye nafasi ya sahihi, kwa sababu bosi hapendi kusoma, kiwanda kizima kinajua, kuanzia chumba cha kukatia vitambaa mpaka kwa mlinzi wa geti, ukimpelekea bosi karatasi umpelekee mahali pa kusaini, mengine atauliza mwenyewe akitaka, na hajawahi kutaka, na utaratibu huu wa vijikaratasi vya njano nani aliuleta kama si yeye Poongodi, miaka minne iliyopita, ili kazi isilale mezani kwa mtu asiyesoma, kwa hiyo leo utaratibu wake umfae na yeye, mara moja tu, hata mara moja jamani, kwa sababu ule ukurasa wa pili, ulio katikati, huo ndio asiotaka auone.

Anaongea na nani huyo? Katibu wa chama cha wauza nguo nje, ndiye, ile sauti nzito ya ndugu yangu ndugu yangu huwa anawawekea watu wa chama tu... Jumamosi, anasema, hakuna tatizo, nipe dakika ishirini zinanitosha, mimi sina maneno mengi... huyo, hana maneno mengi, mtu aliyeongea harusini kwake mpaka wali ukapoa... na kikombe cha chai kimeanza kufunga utando wa maziwa, atamwita mtu alete kingine, hiki kitamwagwa, kila siku vinamwagwa viwili vitatu. Mwezi uliopita alipomwendea kumwambia kuwa ameamua kwenda kusoma, kwamba anahitaji barua ya mkubwa wake wa kazi ya kumpendekeza chuoni, Gokulan alipiga makofi mara mbili kama anayemshangilia mtoto aliyevaa viatu mwenyewe, akasema safi sana, dada, safi kabisa, kusoma hakuna umri, halafu akalitoa lile neno ambalo mabosi wote wa Tiruppur hulitoa, wa viwanda vikubwa kwa vidogo. "Iandike wewe mwenyewe," akasema, "mimi nitaweka sahihi." Na Poongodi hakushangaa, ashangae nini, ndivyo inavyofanyika mji huu, bosi hana muda, bosi Kiingereza chake cha mdomoni hakishuki kwenye kalamu, mwenye shida akajisifu mwenyewe na bosi aseme amina, kumi na mmoja wameondoka kiwanda hiki kwenda kusoma na barua zao zote kumi na moja ameziandika yeye, kila mmoja alikuja mezani kwake na boksi la peremende, dada nisaidie maneno, dada wewe maneno unayo, na kweli anayo, anajua ni mara ngapi utasema mtu ana kipaji cha uongozi kabla hajaanza kunuka uongo, lakini alipokaa kuandika ya kwake maneno yote yakamkimbia, akaandika huyu ni mchapakazi, mwaminifu, anawahi kazini, akaisoma, Mungu wangu, barua ya kumtafutia kijakazi nyumba, akaichana, akaandika nyingine akaichana, juma zima anajitafutia sifa kwenye karatasi kama anayetafuta sindano iliyoanguka, miaka kumi na mitatu ya kazi haiwezekani imekosa aya moja ya maana, na haikukosa, anajua wazi kuwa haikukosa, aya ipo, tena nzuri, tena ya kweli, ila ameshampa mtu.

Ameshampa huyu hapa. Huyu anayezungusha kalamu sasa hivi vidoleni na kusema katibu, usijali, mimi nitawaambia tu ile habari ya Denmaki, watu wanaipenda... ile ya Denmaki! Poongodi anaishika bahasha vizuri isije ikakunjamana... habari ya Denmaki anataka kuwaambia watu wa chama, Jumamosi, mbele ya kipaza sauti, na mke wake amekaa mstari wa mbele na asumini kichwani, binti wa Mzee Rangasamy, mwenye kiwanda, na mzee mwenyewe pembeni yake akitikisa kichwa kwa kumwonea fahari mkwewe, na hakuna hata mmoja atakayeuliza... naye angeuliza nani? Ukutani mwa ukumbi wa kulia chakula wameandika kwa rangi nyekundu, DUKA MOJA, RANGI MOJA, na chini yake, kwa herufi ndogo, Gokulan, kama vile maneno ya mtume, wafanyakazi mia tatu wanakula chini ya maneno hayo kila siku adhuhuri, na yeye Poongodi hula ameyapa mgongo. Gokulan wa miaka sita iliyopita hakuwa bosi wa mtu, alikuwa kijana wa mezani, meza yake na ya Poongodi zimegusana, mtoto wa kijiji kimoja na Mzee Rangasamy na ukoo mmoja, ndiyo sifa yake kubwa, alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukopa kalamu na mzito wa kuirudisha, na akisoma kitu midomo ilikuwa inasogea kama ya mwanafunzi wa darasa la pili, Poongodi alikuwa anamcheka, unasoma au unatafuna, naye anacheka, hakuwa na makuu wakati huo, na miaka miwili mizima alikula wali wa mtindi wa Poongodi, kila adhuhuri anafungua mfuniko wa chombo cha mwenzake bila hodi, anachota kwa mkono, anasema achari ya ndimu ya mama yako, dada, itanifanya nisioe... na Poongodi akaanza kufunga wali wa watu wawili. Haya, ndiyo. Alifunga wali wa watu wawili. Mama aliona, akazidi tu kuongeza achari. Halafu siku moja Ijumaa jioni Mzee Rangasamy akamwita juu, akamwambia kijana wetu anakwenda kusoma biashara, tumpe barua nzuri, wewe iandike mimi nitie sahihi, mama, unajua mimi na hiki Kiingereza, na anachotaka mzee ni kwamba barua iwe tayari Jumamosi asubuhi, na Poongodi akakaa mezani watu wote wameshaondoka, akamfikiria Gokulan, amefanya nini hapa Gokulan, tuseme ukweli, amefanya nini zaidi ya kuchekesha watu na kumaliza mtindi... hakuna, hakukuwa na kitu hata kimoja, na angeweza kumwambia mzee hivyo. Lakini alikuwa anampenda. Basi. Ndiyo hivyo, alikuwa anampenda, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, akachukua kazi yake mwenyewe aliyoifanya mwaka ule ule, ile nzuri kuliko zote, akaiandika kwa jina la Gokulan aya nzima na nusu, akaona ametoa zawadi, tena aliona raha, alitembea mpaka nyumbani badala ya kupanda basi kwa ile raha.

"Dada." Anashtuka. Gokulan amefunika simu kwa kiganja, kalamu ikiwa katikati ya vidole, anamtazama kwa yale macho ya mtu mwenye haraka. "Zile fulana nyekundu za Denmaki zilikuwa ngapi vile?" Na mdomo wa Poongodi unajibu kabla yeye mwenyewe hajaamua kujibu, miaka kumi na mitatu ya kujibu si mchezo, elfu arobaini na mbili, bosi, na Gokulan anatikisa kichwa, anarudi kwenye simu, elfu arobaini na mbili, ndugu yangu, hebu fikiria, na mkaguzi wao amesimama hapo mlangoni anataka kuzikataa zote... hajui hata zilikuwa ngapi. Anasimulia ushujaa wake na hesabu ya ushujaa anaiuliza kwa aliyeufanya, na haoni haya, na hata si kwamba haoni haya, hana habari, huyu mtu ameisimulia mara nyingi mno mpaka ameiamini, anaamini kabisa alikuwepo. Hakuwepo. Siku tatu hizo alikuwa kijijini kwao kwenye harusi ya binamu, akarudi na kilemba cha zawadi. Aliyekuwepo ni Poongodi, na fulana elfu arobaini na mbili za watoto, za Krismasi, nyekundu, zilizotiwa rangi mara tatu kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kazi, kwa hiyo wekundu ukatoka wa aina tatu, mmoja umekoza, mmoja umepauka kidogo, mmoja umeelekea zambarau, na zimeshashonwa, zimeshafungwa, zimechanganywa kwenye maboksi hovyo, na mkaguzi kutoka Denmaki, yule mama mrefu mwenye kikoti, amefungua maboksi manne akatikisa kichwa mara nne, kabla wiki haijaisha nitaandika kuwa tumezikataa, na Mzee Rangasamy amekaa kwenye ngazi ameshika kifua, kiwanda kilikuwa kinakufa, si kusema kwa kutia chumvi, kilikuwa kinakufa mchana ule. Na Poongodi akasema fungueni maboksi yote. Akawaketisha akina mama arobaini sakafuni, Bi Maragatham mbele, yule mkaguzi wa nyuzi mwenye miaka ishirini kiwandani, wakapanga fulana moja moja kwa macho, siku tatu, wekundu wa kwanza huku, wa pili huku, wa tatu kule, na alipokwenda kwa yule mama mrefu alimwambia neno moja tu, duka moja mpelekee rangi moja, mteja hawezi kusimama kwenye maduka mawili kwa wakati mmoja, nani atajua... na yule mama alimtazama sana, akacheka, ikaisha, meli ikaondoka na mzigo. Juzi tu Bi Maragatham alimkuta kwenye ngazi, akamwonyesha ule ukuta wa ukumbi kwa kidevu. "Nani alituketisha pale sakafuni siku tatu," alisema, "mgongo wangu unamkumbuka." Akashuka zake. Hajui kuandika jina lake, Bi Maragatham, huweka dole gumba.

Sasa anacheka tena, anasema mimi kule chuoni hiyo ndiyo iliyonipeleka, kwenye mahojiano hawakuniuliza kingine... na hapo anasema kweli, mara moja amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo inayouma kuliko uongo, maana barua ile ilikwenda imefungwa, bosi anasaini mpaka juu ya gundi ya bahasha ili mwenye kupendekezwa asijue kilichoandikwa, Gokulan hakuwa na habari kabisa, akaenda na tai yake mpya, jioni ya kuamkia mahojiano wenzake hotelini wakamtia hofu, wanauliza yaliyomo kwenye barua, neno kwa neno, akampigia Poongodi nyumbani, anatweta, dada, umeandika nini humo... na Poongodi alikuwa anachambua dengu, akaiweka sinia chini, akamsimulia. Saa nzima. Alimsimulia fulana, umeme, yule mama mrefu alivyosimama, Bi Maragatham alivyolalamika kiuno, akamwambia useme hivi, usiseme hivi, wakikuuliza kwa nini hukumpigia mzee simu kwanza uwaambie kiwanda kinachokufa hakina muda wa kuomba ruhusa, na Gokulan anarudia nyuma yake sentensi kwa sentensi, na kila akikosea anamsahihisha, na mama jikoni anasikia... hakuiba, basi. Miaka sita amekaa na neno hilo mdomoni, mwizi, mwizi, analimung'unya kila adhuhuri ameupa mgongo ukuta, lakini mwizi gani unayemfungulia mlango, ukamshikia taa, ukamwonyesha kilipo, ukamfungia mzigo vizuri usimwumize bega? Alimfundisha mwenyewe. Akarudi baada ya miaka miwili na cheti na miwani na harusi ya binti wa mzee ikatangazwa ndani ya mwezi, na siku ya kwanza Poongodi alimwita Gokulan mbele ya wageni, kwa mazoea tu, na mzee akamtazama jicho moja, toka siku hiyo ni bosi, na yeye amebaki dada, dada lete, dada kumbusha, dada mfundishe huyu kijana mpya ana cheti lakini hajui kitambaa, na wamekuja wanne wa vyeti baada yake, wote wanamuuliza choo kiko wapi, wote mwaka ukigeuka wanamuuliza faili liko wapi.

Kwa hiyo alikwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo, Coimbatore, Jumapili, nyumbani akasema anakwenda kupimwa macho, na matokeo yalipotoka amewapita watu tisini na wawili katika kila mia, akakaa na karatasi hiyo kwenye sari siku nne ndipo akamwonyesha mama, na mama akaishika juu chini, akauliza na hii inamzuia vipi yule bwana wa Erode, mgane mwenye duka la misumari, anayengoja jibu la posa tangu sikukuu ya mavuno... mama si mbaya, mama anaogopa kufa amwache peke yake na vyombo, lakini mwambie nini mama, kwamba anakwenda kusoma ili arudi akae kwenye kiti hicho cha bosi chenye magurudumu? Ndivyo alivyokuwa akijiambia. Mpaka asubuhi ya leo alikuwa akijiambia hivyo, nakwenda, nachukua hicho cheti chao, narudi nimekaa pale, chai yangu nayo inafunga utando. Na aya ikarudi yenyewe kwenye barua, usiku wa juma lile la kuchanachana karatasi ilirudi, akaiandika kwa jina lake, ukurasa wa pili wote, fulana elfu arobaini na mbili, chuo ni kile kile, kabati la barua ni lile lile labda, halafu akaogopa, akaona hila, atasaini bila kusoma kama anavyosaini kila kitu, kijikaratasi cha njano, sahihi, bahasha, gundi, muhuri, kwisha habari, na ikiwa huko mbele watauliza mbona habari moja ina wenyewe wawili, sahihi ni yake, ajibu yeye... hila nzuri. Alijisifu nayo basini. Na sasa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuficha kitu mfukoni dukani, anamngoja mwenye duka ageuke, na kitu chenyewe ni chake, afanalek, ni chake, anaiba cha kwake.

"Dada, samahani," kiganja kimeshaifunika tena simu, "wanauliza lile wazo tulilipataje. La duka moja. Tulilipataje vile?" Tulilipataje. Na mdomo unafunguka tena, una jibu tayari, lipo ulimini limekaa, kwa sababu hilo hakulitia kwenye barua ile ya kwanza na jioni ile ya simu hakumwambia, si kwa kumficha, alidhani mwanamume hataelewa, mwanamume wa hapa ataelewaje, hajapelekwa na mama yake akiwa na miaka saba kwenye duka la vitambaa vya blauzi, lile refu jembamba la karibu na hekalu, marobota yamepangwa mpaka darini, bluu mia, nyekundu mia, mama ameshika sari mkononi anatafuta blauzi ya kufanana nayo, mwenye duka anaapa hii ndiyo yenyewe, mama hamsikilizi, anachukua kitambaa na sari anatoka navyo mpaka mlangoni, juani, anaviweka pamoja, anakunja uso, siyo hii, anarudi, anatoka tena mlangoni, kwa sababu ndani, chini ya taa, kila kitu kinafanana, na Poongodi mdogo anauliza, mama, lakini nani ataona, na mama anasema kikikaa peke yake hakuna atakayeona, vikiwekwa pamoja juani ndipo vinasemana. Basi. Ndiyo hiyo. Kila mwanamke mji huu amesimama kwenye mlango ule. Siku zile tatu umeme ulikuwa umekatika akawatoa akina mama kwenye mlango mkubwa wa ghala kwenye jua, hapo ndipo rangi tatu zilipojitenga waziwazi, na hapo ndipo alipomkumbuka mama, kila rangi ikae peke yake kwenye duka lake hakuna atakayeona... tulilipataje? Jibu liko ulimini na Gokulan anangoja, nyusi zimeinuka, na Poongodi anasikia sauti yake ikisema, kavu, polepole, "Sikumbuki, bosi."

Hajawahi kusema hivyo. Miaka kumi na mitatu hajawahi kusema humu ndani kuwa hakumbuki kitu. Gokulan naye ameyumba kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo, halafu ameinua bega, amerudi kwenye simu, ah, katibu, lilinijia tu, nilikuwa naoga... alikuwa anaoga! Na kicheko kinampanda Poongodi kutoka tumboni, kichungu kama jani la mwarobaini, anakibana na meno, nusu kimtoke, alikuwa anaoga... kumbe huu wote ndio utajiri wake, akikauka yeye Poongodi mtu huyu anabaki na beseni na sabuni. Na alichokiogopa ni nini, kwamba huyu atasoma ukurasa wa pili? Mle ndani kuna mlango. Kuna duka la blauzi, kuna mama, kuna jua, vyote amevitia mara hii, na barua ile ya kwanza haina, wakiziweka pamoja juani watu wa chuo hawahitaji kumuuliza mtu. Ile ya zamani ya Gokulan itakuwa nyekundu ya chini ya taa tu. Wala hataki kiti hicho. Linamjia hivi hivi, bila kishindo, hakitaki, kukaa hapo akisaini visivyosomwa na watu mia tatu wakimwogopa... anachotaka ni kukaa kwenye chumba cha watu wasiomjua, mtu aulize nani alifanya hivi, ainue mkono wake mwenyewe. Kwa hilo atakwenda. Leo, au mwakani na miaka thelathini na mitano, mama na bwana wa misumari wamsamehe, na kama huyu atakataa kusaini basi barua itakwenda na dole gumba la Bi Maragatham, chuo kicheke kikitaka. Lakini kwa kunyemelea, kwa kijikaratasi cha njano, ng'o. Akisaini bila kusoma itakuwa yale yale, amempa tena, na safari hii atakuwa amempa hata msamaha.

Kalamu bado iko hewani, chai imefunga utando wote sasa, saa ya ukutani inasema tisa na nusu kasoro kidogo, na Gokulan anasema Jumamosi basi, ndugu yangu, lakini haikati simu, anamwuliza katibu habari za kisukari cha baba yake. Poongodi ananyoosha mkono mezani. Anachomoa ukurasa wa pili kutoka katikati, anauweka juu, anakibandua kijikaratasi cha njano penye nafasi ya sahihi na kukibandika pembeni ya aya ya mlango, anakigandamiza kwa kidole gumba mpaka kishike, na Gokulan anaona karatasi zinasogea, anafunika simu. "Nisaini wapi, dada?"

"Soma kwanza, Gokulan."

Jina limetoka zima, wala hakulitafuta. Gokulan anamtazama, anainua kidole kimoja, ngoja kidogo, anaendelea na habari za kisukari, ndiyo, ndiyo, apunguze wali, na Poongodi anarudi nyuma kwenye kiti cha wageni mpaka mgongo wote unaegemea, bahasha iko mapajani, mtu wa vifurushi akija atangoja au ataondoka, na mbele yake mtu yule bado anaitikia simu, ndiyo, ndiyo, ila macho yameshuka kwenye karatasi, na midomo, kati ya ndiyo moja na nyingine, imeanza kusogea.